Tembo wa Idodomya na hesabu tunayoikosea

Mtoto wa Dodoma hakui bila kusimuliwa asili ya jina la mji wake. Tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, miguu ikadidimia kwenye tope, na Wagogo waliomkuta wakasema "idodomya", amezama. Kama kisa kilikuwa hivyo hasa au wasimulizi wamekitia chumvi, sina ugomvi nacho. Ninachokipenda ni kwamba walioupa mji jina walimtaja tembo pamoja na maji. Siku hizi, Bunge linapoketi katika mji huohuo kujadili bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii, wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi husimama mmoja baada ya mwingine kulalamikia tembo, na maji ni nadra kutajwa. Kinachotajwa ni wingi. Tembo wamezaliana mno, wamezidi, wapunguzwe. Kauli hiyo imetoka bungeni ikaingia vijiweni na kwenye simu zetu, na sasa inasemwa kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Naona hesabu hiyo imekosewa tangu mstari wa kwanza. Jumla ya tembo nchini haituambii wataongezeka kwa kasi gani, watafikia wapi wasimame, wala lini wataingia kwenye uwele wa mtu. Yote hayo huamuliwa na msongamano: ni wanyama wangapi wanaogawana eneo moja, na kwa ukanda wetu huu mkavu, ni wangapi wanaogawana kile kipande kidogo chenye maji ifikapo Septemba na Oktoba. Tembo mia wanaweza kuwa wachache mno mahali pamoja na wengi kupindukia mahali pengine, kilomita thelathini tu kutoka pale. Na kibaya zaidi, mengi tunayoyadai kwa jina la kupunguza idadi huongeza msongamano huo, au huwapa waliobaki sababu ya kuzaliana haraka.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana ndizo zinazobeba kelele. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya laki tatu. Ujangili wa miaka ya 1980 ukawafyeka. Walionusurika wakapumua, wakaongezeka hadi 109,051 katika sensa ya 2009, kisha wimbi la pili la ujangili likawashusha hadi 43,330 mwaka 2014. Idadi ambayo Serikali imekuwa ikiitaja miaka ya karibuni ni elfu sitini na ushee. Kwa hiyo huyo anayeambiwa amezidi hajafikia hata kiwango cha 2009, na ukimpima na enzi za bibi yake ni kama mmoja kati ya watano. Sasa geuza mizani. Sensa ya watu ya 1978 ilihesabu Watanzania milioni 17.5, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, miaka kumi baadaye 3,085,625. Singida imetoka 1,370,637 hadi 2,008,058 katika kipindi hichohicho. Simlaumu mtu kwa kuzaa, wala kwa kuhamia makao makuu ya nchi (mimi mwenyewe ni mhamiaji). Lakini tembo walipokuwa laki tatu, kilio cha mashamba hakikuwa kikubwa kama cha leo wakiwa elfu sitini. Kama wingi wao ungekuwa ndio ugonjwa, tungeumwa zaidi wakati ule.

Hata hizo sensa zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Katika ikolojia ya Ruaha na Rungwa, ile inayoanzia Iringa na kupanda hadi Manyoni, sensa ya 2013 ilitoa tembo 20,090. Ya 2014 ikatoa 8,272. Watu wakashtuka, hesabu ikarudiwa 2015, ikatoa 15,836. Ujangili ulikuwepo na ulikuwa mkali, hilo halina ubishi, lakini tembo hubeba mimba miezi 22 na huzaa mtoto mmoja. Hakuna muujiza wa uzazi unaoweza kuwafanya wakaribie maradufu ndani ya mwaka. Tofauti inatokana na jinsi tembo walivyotawanyika na jinsi tunavyowahesabu. Ndege ndogo hupita kwa mistari iliyonyooka, watu wakahesabu wanachokiona katika ukanda mwembamba kila upande, kisha wakakadiria eneo lote. Wanyama wakiwa wametapakaa sawasawa, njia hiyo ni nzuri. Wakiwa wamejibana mahali pachache penye maji, mstari unaweza kulipita kundi kubwa bila kulikuta, au kulikuta mara mbili. Yaani msongamano unaoniandikisha makala hii ndio pia unaovuruga takwimu ambazo watu wanazitumia kuukana.

Namna msongamano unavyofunga breki imesomwa nchini mwetu kuliko karibu mahali popote duniani, na mwalimu wetu amekuwa nyumbu. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, iliua ng'ombe wa Wagogo na wa Wamasai, ikaua nyati na nyumbu pia, na kwa miongo kadhaa ikaendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wanaozunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu walikuwa takriban robo milioni. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Mtu aliyekuwa akichora mstari wa ongezeko lao mwaka ule angeweza kuapa kwamba ifikapo mwisho wa karne watakuwa wamejaa hadi Dodoma. Hawakujaa. Walisimama hapohapo, wakabaki kwenye milioni moja na ushee bila mtu kuwavuna wala kuwapangia uzazi. Simon Mduma, Mtanzania ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, pamoja na wenzake, walikusanya kumbukumbu za miaka arobaini na kuonyesha sababu: katika kila mizoga minne waliyoichunguza, mitatu hivi ilikuwa ya mnyama aliyedhoofika kwa kukosa lishe. Simba walikuwepo, fisi walikuwepo, lakini aliyeshika breki alikuwa jani la kiangazi. Nyumbu walipokuwa wachache, kila mmoja alipata majani ya kumvusha hadi mvua. Walipokuwa wengi, majani yaleyale yaligawanywa kwa midomo mingi zaidi, na kila kiangazi kikaondoka na sehemu kubwa zaidi ya kundi. Ukame wa 1993 ulipokuja, wakashuka chini ya milioni moja.

Tembo hufuata kanuni hiyohiyo ila kwa mwendo wa taratibu, na mwendo huo ndio unaotudanganya. Nyumbu akikosa lishe anakufa mwaka huohuo, hesabu inaonekana. Tembo kwanza huchelewa. Miaka ya 1960 mtafiti Richard Laws alichunguza tembo wa Murchison Falls nchini Uganda, waliokuwa wamebanwa na vijiji pande zote, akakuta majike wanachelewa kuvunja ungo na nafasi kati ya mtoto na mtoto imerefuka kwa miaka. Mahali penye nafasi, jike huzaa kila baada ya miaka mitatu au minne. Penye msongamano, uzazi hujifunga wenyewe. Kifo huja mwisho, na huja kwa kishindo: Tsavo, nchini Kenya, ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo wapatao 6,000, wengi wao majike na watoto, kwa kuwa hao hawawezi kutembea mbali kutoka kwenye maji. Walikula kila kitu kilichofikika kwa mwendo wa siku kutoka mtoni, na ng'ambo ya duara hilo majani yalikuwepo.

Mfugaji wa Kigogo hahitaji Tsavo kulielewa hilo. Ng'ombe wake hafi kwa kuwa nyika imeisha majani. Hufa kwa kuwa lambo lililobaki liko huku na majani yaliyobaki yako kule, na miguu ya mnyama mkondefu haifiki kwenda na kurudi. Ndiyo maana tangu zamani wazee wa Ugogo hawakuweka mifugo yote zizi moja. Waligawa wengine kwa ndugu, kwa wakwe na kwa marafiki wa mbali, ili mvua ikikosa hapa isikose kule. Walikuwa wakipunguza msongamano bila kupunguza ng'ombe. Ni maarifa ambayo tumeyaacha nyumbani tulipoanza kujadili tembo.

Sasa hoja ya wanaotaka tembo wavunwe. Nitaipa haki yake, kwa sababu wanaoitoa wengi wamelala na njaa iliyosababishwa na mnyama. Mkulima wa Chemba au Manyoni hana mvua ya pili. Hapa kwetu hunyesha milimita mia tano na hamsini hadi mia sita hivi, Desemba mpaka Aprili, basi. Kundi likipita shambani usiku mmoja wa Aprili, chakula cha mwaka kimekwenda, na hicho kinachoitwa kifuta jasho kinakuja kikiwa kimechelewa na hakifuti jasho la mtu. Anayemwambia huyu kwamba tembo ni urithi wa taifa anamtukana. Wana hoja ya pili, yenye uzito zaidi kuliko ya kwanza: tembo wanaongezeka kweli, na kwa kasi. Tarangire, ambayo mpaka wake wa kusini umegusana na Pori la Akiba la Mkungunero kule Kondoa, tembo waliongezeka kwa asilimia 7 hivi kila mwaka kati ya 1993 na 2005. Kwa kasi hiyo idadi hujirudufu ndani ya miaka kumi.

Lakini hebu tuisome hiyo asilimia 7 inavyostahili. Ni karibu kabisa na kikomo cha uwezo wa mwili wa tembo. Jike anayezaa kwa kasi hiyo ni jike aliyeshiba, na jike aliyeshiba ni dalili ya eneo lenye nafasi. Walikuwa wametoka kuuawa kwa wingi, waliosalia wakarithi malisho ya waliokufa. Ongezeko la haraka, ambalo watu wanalitumia kama ushahidi kwamba wamejaa, ni alama kwamba walikuwa bado mbali na kujaa. Na hapo ndipo dawa ya risasi inapogeuka. Ukipunguza kundi na kuliacha kwenye eneo lilelile, umewapa waliobaki lishe zaidi, majike watashika mimba mapema, watoto wengi watavuka kiangazi, na umerudisha kasi ileile uliyotaka kuizima. Afrika Kusini walifanya kazi hiyo kwa bidii. Katika Hifadhi ya Kruger waliua tembo tangu 1967 hadi 1994 ili wabaki elfu saba hivi, na kila mwaka ilibidi waue tena, kwa sababu kila mwaka walizaliwa tena. Walipoacha, idadi ilipanda kwa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Baadaye, msongamano ulipoongezeka na hifadhi ilipokuwa imefunga sehemu kubwa ya visima na malambo iliyoyajenga yenyewe, kasi ikashuka hadi asilimia 4 na kitu. Nisieleweke vibaya: Kruger sasa ina zaidi ya tembo mmoja kwa kila kilomita ya mraba, na miti mikubwa imeumia. Ila Ruaha na Rungwa, ukichukua wale 15,836 ukawagawa kwenye eneo la kilomita za mraba zinazokaribia elfu hamsini, hupati hata nusu ya tembo kwa kilomita.

Kuna jambo dogo ambalo wapenda risasi hawalitaji. Waharibifu wakubwa wa mashamba ni madume, wanaotembea peke yao au wawili watatu, na hao ndio askari humpiga mmoja ili wanakijiji wapoe. Dume mmoja akiondoka uzazi haupungui hata kidogo. Njia aliyokuwa akipita inabaki, na dume mwingine anaijua.

Wasiovutiwa na mfano wa tembo watazame kwelea kwelea, ndege wadogo walao nafaka, ambao Dodoma na Singida tunawafahamu kwa uchungu. Ndege ya kunyunyizia sumu huja, usiku huo maelfu kwa maelfu hufa kwenye mazalia, na mwaka unaofuata wapo tena. Si kwamba sumu haiui. Kwelea wengi wangekufa hata bila sumu, mwanzoni mwa mvua, pale mbegu za majani pori zote zinapoota kwa pamoja na kwa majuma kadhaa hakuna punje ya kula ardhini. Aliyekufa kwa sumu Mei amemwachia punje mwenzake ambaye angekufa Desemba. Sumu inaweza kuokoa shamba la jirani msimu huo, na kwa hilo ina kazi yake, lakini anayedhani inapunguza kwelea wa bara zima anamwaga maji kwenye gunia. Warangi wa Kondoa, wanaowategea kwa mitego na kuwala, angalau wanapata kitoweo.

Pendekezo jingine ni uzio. Linasikika la kiungwana, mnyama kwake na mtu kwake. Tatizo ni kwamba uzio haupunguzi tembo hata mmoja. Unapunguza ardhi, na ukipunguza ardhi umepandisha msongamano ndani ya siku moja bila mtoto kuzaliwa. Dodoma tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya dawa za namna hii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote, makumi ya maelfu, iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Ardhi ilipona kweli. Ukienda leo utaona miti mahali palipokuwa makorongo mekundu matupu. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kulundikana maeneo ya jirani, na malalamiko yakahamia huko pamoja nao. Anayetaka tembo waswagwe kwa helikopta kutoka wilaya moja hadi pori la wilaya nyingine aulize kwanza pori hilo lina maji kiasi gani mwezi wa kumi, na lina wenyeji wangapi tayari.

Basi tuchimbe maji, wanasema wengine. Malambo ndani ya mapori ya akiba, Swagaswaga, Muhesi, Kizigo, ili tembo wasiwe na haja ya kutoka. Hili ndilo pendekezo linalopendwa zaidi na wenye nia njema, nami niliwahi kuliunga mkono, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Ni kweli kwamba maji yamepungua. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993, kwa sababu ya kilimo cha mpunga na matumizi mengine ya maji huko juu, Usangu. Wanyama hujikusanya kwenye madimbwi yaliyosalia, tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga kutafuta maji ya chini. Kurudisha maji mtoni ni kurudisha kitu kilichokuwepo. Kuchimba lambo jipya mahali ambapo hapakuwa na maji ni jambo jingine kabisa. Maji yalipokuwa hayapo, majani ya hapo yalikuwa akiba, benki ya mwaka wa ukame. Ukiweka lambo umeifungua benki mwaka wa mvua. Kundi litaongezeka hadi lizoee chakula hicho, na ukame ukija hakuna akiba. Kruger walijaza mabwawa upande wa kaskazini, pundamilia wakafuata maji, simba wakafuata pundamilia, na swala wakubwa aina ya korongo, ambao walikuwa wakiishi pale wachache wachache kwa kuwa pakavu palikuwa salama, wakaporomoka kutoka takriban 450 mwaka 1986 hadi wapatao 45 mwaka 1993. Ruaha nayo ina korongo wake, na palahala, swala mwingine mkubwa. Lambo lililowekwa bila kufikiri humuua mnyama ambaye hata hakuja kunywa.

Upande wa pili wako wanaosema tuuache mfumo ujirekebishe wenyewe, kama Serengeti. Nikiwa nimeandika yote hayo hapo juu, msomaji angetegemea niwe mmoja wao. Sivyo. Kwanza, kujirekebisha kwenyewe ni neno safi kwa jambo chafu, ni ndama kufa kwa njaa pembeni ya mama yake. Pili, nyumbu wa Serengeti hana mahindi ya mtu kilomita tatu mbele yake. Tembo wa Manyoni anayo. Breki ya msongamano hufanya kazi pale mnyama anapokosa. Akipata uwele, alizeti na matikiti shambani kwa mtu, breki imelegea, na mkulima amegeuka mlishaji wa kundi ambalo pori peke yake lisingeweza kulibeba. Kila ekari iliyoliwa ni ruzuku. Kwa hiyo kulinda mashamba, kwa mizinga ya nyuki, kwa pilipili, kwa mabomu baridi ya kishindo tu na kwa askari wa vijiji wanaolipwa kwa wakati, ni zaidi ya huruma kwa mkulima. Ndiyo njia ya kuiacha nyika iweke kikomo chake yenyewe. Wahifadhi wanaoliona suala la mashamba kama kero ya siasa wanapuuza nusu ya ikolojia yao.

Kinachobaki ni njia. Nirudi Tarangire, mwaka uleule wa 1993 ambao nyumbu walikufa Serengeti na Ruaha Mkuu ulikauka. Watafiti waliokuwa wakizifuatilia familia za tembo mmoja mmoja walikuwa na watoto 81 kwenye daftari lao. Ndani ya miezi tisa walikufa 16, mmoja kati ya watano, wakati mwaka wa kawaida hufa wawili katika mia. Lakini vifo havikugawanyika sawa. Koo zilizoondoka hifadhini kutafuta maji na malisho nje zilipoteza wachache. Ukoo uliobaki ulipoteza wengi. Na walioondoka waliongozwa na majike wazee zaidi, ambao yawezekana waliuona ukame wa mwaka 1958 hadi 1961 wakiwa wadogo na wakakumbuka wazazi wao walielekea wapi. Ukoo uliobaki uliongozwa na vijana. Wakubwa wao walikuwa wameuawa na majangili. Hapo pana mambo mawili ambayo sensa ya ndege haiyaoni. Uwezo wa eneo kubeba wanyama hautegemei ukubwa wake kwenye ramani, unategemea kama kuna mlango wa kutokea siku ya shida na kama kuna bibi anayeukumbuka. Ujangili ulipoua wakongwe, ulifuta ramani. Sisi tunaozibisha njia kwa mashamba tunafuta ardhi ambayo ramani iliichora, na yule bibi aliyesalia akiifuata kumbukumbu yake anajikuta kwenye alizeti ya mtu, anaitwa mvamizi.

Serikali inalijua hili kwenye karatasi. Kanuni za shoroba, maeneo ya mtawanyiko na njia za wanyamapori zilitolewa 2018, na mwishoni mwa 2022 ukatoka mpango ulioorodhesha shoroba 61 nchini, yaani mapito ya wanyama kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Lakini ushoroba haukatwi na mtu mmoja mwenye trekta. Hukatwa na ekari mbili, kisha ekari tatu, na kila aliyekata ana sababu ambayo ukiisikiliza hutaweza kumkatalia. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji huchorwa mara moja, ramani ikabandikwa ofisi ya mtendaji, na watoto wa kijiji wakaendelea kukua. Msongamano wa watu una breki zake pia, na moja wapo ni kwenda kufyeka mbele. Kwa hiyo ningekuwa mbunge wa huku kwetu, nisingesimama kuuliza tembo ni wangapi. Ningeuliza ni wangapi wanaotegemea kila chanzo cha maji mwezi wa Oktoba, maji ya Usangu yatafika lini, na kijana wa Chemba atapewa ardhi wapi ili asilazimike kulima njiani.

Hilo la mwisho nalisema kwa sababu ya mkulima mmoja wa upande huo aliyenikaribisha nyumbani kwake baada ya mavuno, kama mavuno yalikuwepo. Nilimuuliza tembo walianza lini kupita shambani kwake. Akacheka. Baba yake, alisema, aliacha ekari kumi na nne na watoto saba. Ekari mbili za mtama hazilishi nyumba, kwa hiyo miaka minane iliyopita alishuka bondeni kutafuta mahali pa kufyeka, na akabahatika kukuta kipande kirefu, kipana kama barabara, ambacho hakikuwa na kazi kubwa kwa panga. Miti ilikuwa imeshavunjwa na ardhi imeshakanyagwa, ikielekea moja kwa moja kwenye maji.